Upanuzi Kwanza, Vazi Baadaye: Namna Ninavyopiga Hesabu za Guild Wars 2

Daftari langu la vipimo lina kurasa mbili za mwisho ambazo hazina kifua wala kiuno cha mteja yeyote. Zina bei za Guild Wars 2, mchezo wa kompyuta unaochezwa mtandaoni. Kushoto nimeandika vifurushi vya upanuzi, yaani nyongeza za mchezo zinazouzwa kando, kulia nimeandika deraya na mavazi ya dukani. Mimi ni fundi cherehani hapa Mombasa, ninashona karibu na Biashara Street, na mchezo huu nimeucheza miaka sita, usiku, nikishafunga kazi. Kwa hiyo nguo ninazijua kwa pande zote mbili, za kitambaa na za kioo.

Mwaka jana Swaleh, mtoto wa kaka yangu, alianza kucheza. Aliniuliza, "Shangazi, ninunue nini kwanza?" Nilimwambia asinunue chochote mpaka afike leveli 80. Wiki ya pili alikuwa ameshalipa dola 10 na kununua vazi jekundu lenye mabega makubwa. Akaja kuniuliza mbona hawezi kuvaa koti lake peke yake na suruali yake ya zamani. Hawezi, na sababu yake nitaieleza huko mbele. Jangwa la Elona alilokuwa akililia, linalofunguliwa na upanuzi wa Path of Fire, bado lilikuwa limefungwa kwake, kwa kuwa vazi halifungui mlango wowote. Maandishi haya nayaandika kwa ajili yake na kwa yeyote aliye pale alipokuwa yeye.

Kinachouzwa hasa

Mchezo huu ulitolewa na studio ya ArenaNet ya Marekani tarehe 28 Agosti 2012. Hauna ada ya mwezi. Tangu Agosti 2015 sehemu ya msingi huchezwa bure, yenye mipaka kadhaa: nafasi mbili tu za wahusika, soko lenye bidhaa chache, na mazungumzo yaliyobanwa ili kuzuia matapeli. Leveli ya mwisho ni 80, na imebaki 80 tangu siku ya kwanza. Deraya za daraja la Ascended, ambazo wachezaji walianza kuzitengeneza Desemba 2013, zina nguvu ile ile leo. Hakuna upanuzi uliokuja ukazigeuza kuwa takataka.

Jambo hili ndilo linaloeleza duka lote. Mchezo usiokuuzia nguvu mpya kila mwaka hubaki na bidhaa mbili za kukuuzia: mahali pa kwenda na sura ya kwenda nayo. Upanuzi ni mahali pa kwenda, pamoja na njia mpya za kusafiri na kupigana. Deraya za dukani ni sura tu, hazikuongezei hata pointi moja ya nguvu. Ukiona kitu dukani, jiulize kiko upande gani wa daftari. Cha kushoto kinunue kwa pesa. Cha kulia kina njia nyingi za kukipata, na pesa iwe ya mwisho.

Kununua upanuzi

Bei zake zimepanda na kushuka, na ni vizuri ujue zilikotoka. Upanuzi wa kwanza, Heart of Thorns, ulitoka Oktoba 2015 kwa dola 49.99. Miezi michache kabla, Juni mwaka ule, uliuzwa mapema na wachezaji wa zamani wakakasirika. Kifurushi kilikuwa na mchezo wa msingi ndani yake, mchezo ambao wao walikuwa wameshaununua, na bei ilikuwa moja kwa mgeni na mwenyeji. Isitoshe, upanuzi ulileta fani mpya (aina ya mpiganaji) ya Revenant bila kuleta nafasi ya kumweka mhusika huyo mpya. Studio ilirudi nyuma kidogo: walionunua mapema wakiwa na akaunti ya tangu kabla ya tarehe 23 Januari 2015 wakapewa nafasi moja ya mhusika. Mimi naona wachezaji walikuwa na haki. Mteja anayerudi na kitambaa chake mwenyewe unamdai bei ya ushonaji tu.

Path of Fire, Septemba 2017, ukaja kwa dola 29.99. End of Dragons, Februari 2022, bei hiyo hiyo. Kisha mtindo ukabadilika: Secrets of the Obscure, Agosti 2023, na Janthir Wilds, Agosti 2024, kila mmoja dola 24.99. Ni upanuzi mdogo zaidi, na sehemu ya hadithi huletwa vipande vipande baada ya kutoka. Unaponunua siku ya kwanza, unalipia pia vipande ambavyo bado havijafika.

Mimi huhesabu dola moja kwa shilingi 130 za Kenya, hesabu ya kichwani inayonitosha. Kwa hiyo Janthir Wilds ni shilingi 3,250 hivi, na Path of Fire ni 3,900.

Sasa utaratibu. Cheza bure mpaka leveli 80 na umalize hadithi ya msingi. Itakuchukua wiki nyingi, na ndizo wiki zitakazokuonyesha kama mchezo unakufaa. Ukifika hapo, nunua Path of Fire kwanza, kwa kuwa Heart of Thorns imo ndani yake bila kuongeza senti. Kwa malipo hayo unapata mabawa ya kuelea ya Heart of Thorns na vipando vya Elona: raptor wa kuruka mbali, springer wa kupanda magenge, skimmer wa kuteleza juu ya maji, jackal wa kupenya mchanga, na griffon aliyefichwa ambaye mchezo haukutajii mpaka umtafute mwenyewe. Kila fani inapata pia mitindo miwili mipya ya kupigana. Sijui kitu kingine katika duka lote kinacholeta mabadiliko makubwa hivyo kwa bei hiyo. Na usikinunue leo kama huna haraka: kifurushi hiki hushushwa bei mara kwa mara, na sherehe za kuzaliwa kwa mchezo kila Agosti ni wakati mzuri wa kuvizia.

Baada ya hapo chagua kwa matamanio yako. Ukitaka skyscale, yule joka mdogo wa kuruka, Secrets of the Obscure humleta mapema na kwa urahisi. Njia ya zamani ya kumpata ilianza Mei 2019 na ilikuwa ya jasho jingi. Ukitaka nyumba yako mwenyewe ya kupamba, ni Janthir Wilds.

Kuna gharama moja ambayo wageni hawaioni kwenye lebo. Kati ya upanuzi mmoja na mwingine kuna sura za hadithi ziitwazo Living World. Aliyeingia mchezoni wakati sura inatoka aliipata bure, na aliyechelewa huinunua kwa vito, yaani sarafu ya duka la mchezo, 200 kwa sura moja. Ukizikosa, utamaliza Path of Fire, uingie End of Dragons, na ukutane na watu wanaozungumza nawe kana kwamba mmejuana miaka. Zitie kwenye hesabu. Hizi ni za ukurasa wa kushoto.

Jambo la Steam nalo ulijue kabla hujafungua akaunti. Mchezo uliingia Steam, duka la michezo la mtandaoni, Agosti 2022. Akaunti iliyofunguliwa kwenye tovuti ya ArenaNet haigeuzwi kuwa ya Steam, na aliyeanzia Steam atanunua upanuzi wake huko huko Steam. Chagua mlango mmoja tangu mwanzo. Nimeona watu wawili katika gildi yetu (kikundi cha wachezaji) wakinunua upanuzi mlango usio wao.

Kifurushi cha kawaida, Deluxe au Ultimate

Kwa Path of Fire na End of Dragons ngazi zilikuwa tatu: 29.99, 54.99 na 79.99. Deluxe huongeza nafasi ya mhusika, vazi au pambo, na vitu vidogo vidogo. Katika Path of Fire, vazi lenyewe lilikuwa la Sunspear, askari wa Elona wa zamani. Ultimate huongeza vito 4,000 juu ya hayo.

Piga hesabu yako hivi. Vito 800 huuzwa dola 10, kwa hiyo vito 4,000 ni dola 50. Kutoka Deluxe kwenda Ultimate unaongeza dola 25. Umevipata kwa nusu ya bei, na dukani hutaviona kwa bei hiyo. Lakini hesabu hii ni kweli kwa mtu mmoja tu, yule ambaye angenunua vito vingi hivyo hata bila Ultimate. Kwako wewe unayetaka vito 700 vya vazi moja mwaka mzima, chukua kifurushi cha kawaida na ununue vito 800 kando. Utabaki na dola 40 mkononi ukilinganisha na Ultimate.

Deluxe sijawahi kuona faida yake. Nafasi ya mhusika ni vito 800, dola 10, na unaweza kuinunua siku utakapoihitaji.

Vazi zima na deraya ya vipande

Hapa ndipo Swaleh alipoteleza, na ndipo ninapopenda kukaa.

Duka linauza nguo za aina mbili zinazofanana sana kwenye picha. Ya kwanza ni vazi zima, Outfit kwa jina la dukani. Limeshonwa kama kanzu moja kutoka shingoni hadi miguuni. Unaweza kuficha kofia yake na kulitia rangi katika sehemu nne, basi. Huwezi kutoa koti ukavaa na suruali nyingine. Uzuri wake ni kwamba huvaliwa na fani zote, mzito na mwepesi, na kulivaa au kulivua hakugharimu kitu. Bei yake ya kawaida ni vito 700, yaani dola 8.75, shilingi 1,140 hivi.

Ya pili ni skini ya deraya, yaani sura inayobandikwa juu ya deraya uliyovaa. Hii ina vipande sita: kichwa, mabega, kifua, mikono, miguu na viatu. Kila kipande kinasimama peke yake, nawe huchanganya kifua cha hapa na viatu vya kule, mradi viwe vya uzito wa fani yako. Guardian, Warrior na Revenant huvaa nzito. Ranger, Thief na Engineer huvaa ya kati. Elementalist, Mesmer na Necromancer huvaa nyepesi. Skini ukishaifungua hukaa kwenye kabati la akaunti milele, na wahusika wako wote huifikia. Kabati hilo lilianza Aprili 2014, pamoja na ruhusa ya wahusika wote kutumia rangi ulizofungua. Kulipa unalipa kila ubandikapo skini juu ya deraya: chaji moja kwa kipande kimoja. Vipande sita, chaji sita. Chaji hizi usizinunue. Zinatoka kwa kumaliza ramani, na miji ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu haina adui wa kukusumbua.

Mimi kama fundi nachagua vipande. Vazi zima limeshonwa kwa kiwiliwili cha wastani, na wahusika wengi si wa wastani. Charr, kabila la mchezoni lenye umbo la mnyama, ana mkia na pembe na mgongo uliopinda. Mkia hutoboa kitambaa, kofia humezwa na pembe. Asura ni mfupi, na pambo lililokaa vizuri begani kwa binadamu kwake hugeuka ukuta wa kumziba masikio. Kwa vipande unaweza kukwepa kasoro hizo kimoja baada ya kingine.

Hivi ndivyo ninavyopanga. Naanza na kifua, kwa kuwa ndicho kinachotawala mwili wote. Katika deraya za kati hili ni la lazima kabisa. Vifua vingi vya kati ni makoti marefu, na pindo la koti limo ndani ya kipande cha kifua, hata kama linafika kwenye shavu la mguu. Utatafuta suruali nzuri wiki nzima, ukiivaa itafunikwa yote. Kwa hiyo ukitaka suruali ionekane, tafuta kwanza kifua kifupi. Ni vichache, lakini vipo.

Baada ya kifua, miguu. Kisha mabega, na hapa tazama kola: kola ndefu na mabega mapana hupigana shingoni, kimoja huingia ndani ya kingine mhusika anapogeuka. Mabega unaweza kuyaficha kabisa, na mara nyingi ndiyo jibu. Mikono na viatu vifuate rangi ya ngozi au chuma iliyo kwenye kifua. Kofia mwisho.

Rangi nazo zina siri yake. Rangi moja haionekani sawa juu ya kitambaa, ngozi na chuma. Nyeusi iliyoiva kwenye kitambaa inaweza kuonekana kijivu chenye mng'ao kwenye chuma. Kwa hiyo usitie rangi moja kila mahali ukitegemea itafanana. Tia ya kitambaa, halafu itafute jirani yake ya chuma kwa jicho. Mimi siendi zaidi ya rangi tatu: ya mwili, ya pindo, na moja ndogo ya kushtua macho. Rangi maarufu kama Abyss ni ghali sokoni, na watu huzinunua kwa sababu ya jina. Dirisha la majaribio hukuruhusu kuona hata rangi usizo nazo, basi ijaribu nyingine ya bei nafuu iliyo karibu nayo kabla ya kumwaga dhahabu.

Na kabla ya kununua chochote dukani, kifungue kwenye dirisha la majaribio, ukiwa unamtumia mhusika atakayekivaa. Mgeuze. Tazama mgongo, kwa kuwa katika mchezo huu utamwona mgongo zaidi ya uso. Dirisha hilo haliwezi kukuonyesha nguo ikikimbia. Kwa hilo nenda Lion's Arch, mji mkubwa wa mchezoni, simama karibu na benki, na ungoje mtu apite amevaa. Mimi nimekaa pale dakika ishirini nikitazama sketi moja tu inavyopeperuka. Niliamua kutoinunua, na sijaitamani tena.

Nguo nzuri zisizouzwa dukani

Mesmer wangu ni Sylvari, kabila la watu-mimea. Kifua chake ni cha Durmand Priory, miguu na viatu ni vya Twilight Arbor, na mabega sijamvalisha. Hakuna kipande nilicholipia shilingi. Watu wamenisimamisha mchezoni kuniuliza nimekipata duka gani.

Pa kutafuta ni hapa. Mashimo ya zamani ya mchezo, Twilight Arbor, Citadel of Flame na mengineyo, kila moja lina seti yake kwa aina zote tatu za uzito. Kama hupendi kwenda na watu wanne usiowajua, seti hizo hizo hupatikana kwa kucheza njia za zawadi za mapambano ya wachezaji. Vyama vitatu vya hadithi, Vigil, Durmand Priory na Order of Whispers, vina deraya zao. Na kila kabila lina nguo zake za asili katika mji wake: binadamu Divinity's Reach, Charr Black Citadel, Norn Hoelbrak, Sylvari The Grove, Asura Rata Sum. Hizi huvaliwa na kabila hilo tu, na zimeshonwa kwa mwili wake, kwa hiyo zinakaa. Daraja la tatu la nguo hizo ni ghali, seti nzima hupita dhahabu 100, lakini ni dhahabu ya mchezoni. Kwa Charr na Asura nasema ziangalieni hizi kabla hamjaangalia kitu kingine.

Upanuzi nao huja na deraya zake ndani. Hapo ndipo ukurasa wa kushoto unapokulipia ule wa kulia: umenunua mahali, na mahali pakakupa nguo.

Vito, dhahabu na saa zako

Vito vinanunuliwa kwa pesa au kwa dhahabu ya mchezoni. Kima cha kubadilisha hupanda na kushuka kwa kadiri watu wanavyonunua. Likitoka vazi jipya linalopendwa, wengi hukimbilia kugeuza dhahabu, na vito vinapanda. Vito haviozi. Kwa hiyo vinunue wiki ambayo duka limepoa, uviweke, na vazi likija uwe tayari. Usigeuze kwenda na kurudi: kila upande hukatwa asilimia 15, na ukienda na kurudi umepoteza zaidi ya robo ya mali yako.

Je, ulipe pesa au dhahabu? Tuseme siku hiyo vito 400 ni dhahabu 150, nawe hupata dhahabu 15 kwa saa. Vazi la vito 700 litakula dhahabu 262 na ushee, yaani saa 17 na nusu. Kwa pesa ni shilingi 1,140. Mimi kukunja pindo la suruali natoza 150, na suruali nane nazimaliza kwa saa tatu. Kwa hiyo nikikaa kukusanya dhahabu kwa ajili ya vazi tu, nimejiajiri kwa mshahara mbaya mno. Lakini dhahabu inayobaki nikicheza nilivyotaka kucheza, hiyo haikunigharimu. Kanuni yangu ni hiyo: dhahabu ya masazo huenda kwenye mavazi, dhahabu ya kutafuta kwa makusudi hapana. Mwanafunzi asiye na kipato lakini mwenye likizo ndefu atapata jibu jingine, na litakuwa sahihi kwake. Weka namba zako mahali pa zangu.

Kumbuka pia kwamba kiasi cha chini kabisa cha vito kwa pesa ni 800. Vazi la 700 litakuachia 100, na mia hiyo itakuita. Iache ilale.

Sanduku la bahati

Novemba 2017, wiki chache baada ya Path of Fire, duka lilileta sura (skini) 30 za vipando. Moja ilikuwa vito 400, lakini hukuchagua: ulilipa, ukapewa yoyote. Aliyetaka zote kwa mpigo alidaiwa vito 9,600, sawa na dola 120. Wakati huo huo sura moja ya jackal iliuzwa peke yake kwa vito 2,000, dola 25, na upanuzi mzima uliomleta huyo jackal ulikuwa dola 29.99. Wachezaji walipiga kelele, na rais wa ArenaNet wakati huo, Mike O'Brien, akajibu hadharani. Baadaye ikaja leseni ya kujichagulia sura unayoitaka, kwa bei ya juu kuliko ya kubahatisha.

Ushauri wangu: lipa zaidi, uchague. Vito 400 vya kubahatisha ni dola 5 za kitu usichokijua. Funguo za masanduku ya Black Lion, ambayo nayo ni ya bahati, usizinunue kwa pesa hata siku moja. Ukipewa bure, fungua kwa furaha.

Kulipa

Ninatumia kadi ya mtandaoni ya Visa inayofunguliwa ndani ya M-Pesa. Natia kiasi ninachohitaji na kidogo cha ziada, kwa kuwa kima cha dola kwenye malipo huwa juu kidogo ya kile kinachotangazwa redioni. Zile namba tatu za usalama hutolewa kwa muda mfupi, basi ziombe ukiwa umeshafika kwenye ukurasa wa malipo. Tazama jumla ya mwisho kabla ya kubonyeza.

Usinunue namba za vito (code) kwa mtu wa kwenye kundi la ujumbe. Mimi nilijaribu mara moja: namba ya vito kwa shilingi 900, nafuu sana, na ilikuwa imeshatumika. Muuzaji alinifungia namba yake kabla sijamaliza kuandika. Dhahabu inayouzwa nje ya mchezo ni mbaya zaidi, kwa kuwa ni kinyume cha sheria za mchezo na unaweza kupoteza akaunti yenye kila kitu ulicholipia.

Kama mchezo wako ni mwingine

Njia ni ile ile, tofauti ni ada ya mwezi. World of Warcraft ni dola 14.99 kwa mwezi, na upanuzi wa The War Within, Agosti 2024, ulianza kwa 49.99. Mwaka mmoja pamoja na upanuzi ni karibu dola 230. Weka gharama hiyo mbele kabla hujautazama ule mnyama wa kupanda uliouzwa dola 90 Oktoba mwaka huo. Final Fantasy XIV ina jaribio la bure lisilo na mwisho mpaka leveli 70, likiwa na upanuzi wa Heavensward na Stormblood ndani. Tahadhari ni moja: ukishanunua mchezo kamili, akaunti hiyo hairudi tena kwenye jaribio. Maliza vyote vya bure kabla hujatoa dola ya kwanza.

Swaleh alingoja sherehe za Agosti, akanunua Path of Fire kwa bei iliyoshushwa, na sasa ana raptor na skimmer. Lile vazi jekundu hulivaa bado. Nilimwambia afanye jambo moja la mwisho, nawe lifanye siku hiyo hiyo unayonunua: ihifadhi barua pepe ya malipo, uwashe ulinzi wa hatua mbili, na unakili namba ya kifurushi mahali pasipo kwenye simu, kwa kuwa ukiibiwa akaunti ndiyo utakayoulizwa. Yangu imo ndani ya daftari, chini ya vipimo vya bi harusi mmoja wa Kisauni.